Santuri na kaseti kwenda kompyuta: njia ya moja si njia ya nyingine

Mashine za kuhamishia sauti za zamani huuzwa kana kwamba santuri na kaseti ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja: chomeka waya wa USB, bonyeza kitufe, faili hiyo hapo. Lakini njia inayoifaa santuri mara nyingi huwa ndiyo mbaya zaidi kwa kaseti, na sababu wala haiko kwenye kompyuta. Mashine za santuri zinaundwa hadi leo, kuanzia za kuchezea hadi za wataalamu. Deki nzuri za kaseti ziliacha kuundwa zamani, na zinazotoka kiwandani sasa karibu zote zina mtambo wa ndani wa aina ileile, rahisi na dhaifu. Kwa hiyo mwenye santuri anaweza kununua kipya akapata kizuri, ilhali mwenye kaseti hana budi kutafuta cha zamani. Mengi nitakayosema hapa yanatokana na tofauti hiyo.

Kabla ya kununua chochote

Gawa ulicho nacho mafungu matatu. La kwanza ni muziki uliotolewa na kampuni na ambao tayari unapatikana kidijitali. Huo uache. Ikiwa toleo la kidijitali limetokana na utepe wa studio wenyewe, kaseti iliyochezwa miaka ishirini haiwezi kulishinda hata ukiazima vifaa vya studio. Vighairi vipo: baadhi ya matoleo mapya yamepandishwa sauti mpaka muziki umebanwa, na kuna nyimbo ambazo toleo lake la mono la kwenye santuri ndogo halikurudiwa tena. Sikiliza, linganisha, ndipo uamue kama kuna haja ya kuhangaika.

Fungu la pili ni vitu visivyopatikana kidijitali ila nakala nyingine zimo mikononi mwa watu, kwa mfano santuri za 45 (namba hizi ni mizunguko kwa dakika) na albamu ambazo hazikuchapishwa tena. La tatu ni vile ambavyo kipo kimoja tu duniani: barua ya sauti, mazoezi ya bendi, hotuba, harusi, mahojiano, sauti ya mtu asiyekuwepo tena. Fungu hili karibu lote huwa ni kaseti, na ndilo lisilosubiri. Santuri iliyosimamishwa wima mahali pakavu itakaa miaka mingi bila kulalamika. Kaseti ina utepe mwembamba, ina kipande kidogo cha sifongo kinachobonyeza utepe kwenye hedi (kisomeo cha sauti cha mashine) ambacho hunyofoka gundi ikikauka, na inategemea mashine ambazo mafundi wake wanapungua. Mwenye vyote viwili aanze na kaseti. Ila asijifunzie kwenye fungu la tatu. Kuharibu kuna mahali pake, nako ni kwenye fungu la kwanza.

Kuhusu sheria nitasema jambo moja tu. Kujinakilia ulichonunua kwa matumizi yako kunaruhusiwa katika baadhi ya nchi na si zote, na kusambaza nakala hizo ni suala jingine kabisa.

Njia zenye kustahili kulinganishwa ni nne: mashine yenye USB ndani yake; mashine ya kawaida iliyounganishwa na kadi ya sauti ya nje (kisanduku kinachogeuza sauti kuwa ya kidijitali) kisha kompyuta; mashine ya kawaida iliyounganishwa na kinasa sauti cha mkononi; na kumpelekea mwenye kazi hiyo. Ya tano ni kuweka simu mbele ya spika. Hiyo hurekodi chumba pamoja na muziki, na simu nyingi hupandisha na kushusha sauti zenyewe ili maneno yasikike. Itumie kwa kumwonjesha mtu, si kwa kuhifadhi.

Santuri: USB ya kadiri inatosha, ya sanduku haitoshi

Sindano ya santuri hutoa umeme kidogo sana. Katriji, yaani kipande kinachobeba sindano, ikiwa ya kawaida ya sumaku, ile iitwayo MM, hutoa takriban milivolti 5, wakati kiingilio cha kawaida cha sauti kinangoja mamia ya milivolti. Isitoshe, sauti iliyochongwa kwenye mifuo (mistari ambamo sindano hupita) si sauti kamili. Besi ilipunguzwa wakati wa kuchonga ili mifuo isipanuke ikala nafasi yote, na trebo, yaani sauti nyembamba za juu, iliongezwa ili ipate kuishinda mikwaruzo ya uso wa santuri. Kanuni ya kupunguza na kuongeza huko inaitwa RIAA, na ndiyo iliyokuja kutumika na kampuni karibu zote tangu katikati ya miaka ya 1950. Wakati wa kucheza lazima kuwe na kifaa cha kugeuza kinyume chake: kupandisha besi kwa karibu desibeli 20 kule chini kwenye hezi 20, na kushusha trebo kwa kiasi kinachokaribia hicho kule juu kwenye kilohezi 20. Kifaa hicho ni priampu ya phono.

Hapa ndipo mashine ya santuri yenye USB inapopata pointi yake ya kweli. Priampu imo ndani, kigeuzi cha dijitali kimo ndani, na waya ni mmoja. Anayeunganisha vitu mbalimbali anaweza kukosea kwa njia mbili. Akisahau priampu, anapata sauti nyembamba, ya mbali, isiyo na besi. Akiweka mbili, kwa sababu mashine yake ilikuwa na ya ndani na yeye akaongeza ya nje, anapata besi nzito kupita kiasi na sauti iliyopasuka. Mashine nyingi za kisasa zina swichi nyuma iliyoandikwa PHONO na LINE: kwenye LINE priampu ya ndani inafanya kazi, kwenye PHONO imezimwa. Swichi hiyo ndogo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi yanayodhaniwa kuwa ni ubovu wa kompyuta.

Watu hupenda kudharau USB ya mashine hizi kwa kuwa mara nyingi ni ya biti 16 tu (biti ni kipimo cha usahihi wa sauti ya kidijitali). Mimi sioni kosa. Santuri nzuri, ikiwa safi, ina nafasi ya kama desibeli 60 hadi 70 kati ya kelele yake na sauti yake kubwa kabisa. Biti 16 zina desibeli 96. Kinachoamua ubora wa faili yako ni sindano na mkono unaoibeba, na fedha yako iende huko.

Ndiyo maana zile mashine ndogo za sanduku, zenye spika ndani na kishikio cha kubebea, haziwezi kuwekwa mizani moja na nyingine hata kama nazo zina USB. Nyingi zina katriji ya kauri, ambayo hubonyeza mfuo kwa gramu 5 au zaidi, wakati katriji nzuri ya sumaku hufanya kazi kwa gramu 1.5 hadi 2.5. Hazina kizani cha kurekebisha uzito huo, na mwendo wa sahani hauko thabiti, kwa hiyo noti ndefu ya piano inasikika ikiyumba. Kama lengo ni kusikiliza tu na kufurahi, sawa. Kama lengo ni nakala ya kukaa nayo, pita.

Mfano wa daraja ninalolipendekeza ni AT-LP120XUSB ya Audio-Technica: ina mwendo wa 33⅓, 45 na 78, mkono wenye kizani, priampu inayozimika, na katriji ya familia ya VM95 ambayo sindano zake hubadilishana. Sifa hii ya mwisho ina uzito kuliko zote. Sindano ikichakaa unabadilisha kipande kidogo tu. Ukipata santuri za zamani za 78 unachomeka sindano yake.

Na hizo za 78 zinahitaji neno lao peke yake. Mifuo yake ni mipana. Sindano ya santuri za LP, yaani albamu za 33⅓, ina ncha ya takriban mikroni 18, ya 78 ni kama mikroni 75. Sindano nyembamba kwenye mfuo mpana hukwaruza sakafu ya mfuo, na unachosikia ni takataka zilizolala huko. Tena nyingi kati ya hizo zilichongwa kabla ya RIAA kukubaliwa, kila kampuni na kanuni yake, kwa hiyo besi na trebo zitahitaji kurekebishwa kwa sikio baadaye. Na usizisafishe kwa spiriti: zile za shelaki huyeyushwa nayo. Mashine yenye USB isiyo na mwendo wa 78 inaweza kuzicheza kwa 45 kisha programu ikaharakisha, lakini priampu itakuwa imesharekebisha sauti za masafa yasiyo yake, na hiyo ni kazi ya ziada ya kunyoosha. Ukiwa na chache, vumilia. Ukiwa na kabati zima, nunua mashine yenye 78.

Ni lini basi utengane na USB ya ndani uende kwenye kadi ya sauti ya nje? Ukiwa tayari una mashine nzuri isiyo na USB. Usiiuze ili ununue yenye USB. Utakuwa umeuza sehemu muhimu ili upate sehemu rahisi. Kisanduku kama UFO202 ya Behringer kina priampu ya phono ndani na kinaingia moja kwa moja kwenye USB. Ukitaka biti 24 na vifundo vya kurekebisha kiwango, chukua kadi ya kawaida ya kurekodia muziki na priampu ya phono pembeni. Sababu ya pili ya kutoka kwenye USB ya ndani ni kiwango: baadhi ya mashine hazina namna ya kupunguza sauti inayoingia, na santuri iliyochongwa kwa nguvu inapasua faili bila wewe kuwa na la kufanya.

Kisha kuna kuosha. Santuri iliyooshwa kwa maji yaliyotoneshwa na tone la sabuni isiyo na manukato, ikafuatwa mzunguko wa mifuo kwa kitambaa laini, ikasuuzwa na kukaushwa, itakupa faili bora kuliko kubadili kadi ya sauti. Programu ya kuondoa milio ya tak-tak inakuja nyuma ya maji.

Kaseti: hapa kipya kinashindwa

Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Philips walipoitoa mwaka 1963 hawakuifikiria kama chombo cha muziki wa hali ya juu. Ilikuwa ya maneno, ya ofisini. Kilichoifikisha kwenye muziki ni ufundi wa mashine: mota thabiti, hedi nzuri, mifumo ya kupunguza kelele. Ukiutoa ufundi huo, kaseti inarudi ilikoanzia. Na ndicho kilichotokea kwenye mashine mpya.

Zile za mkononi zenye USB, za plastiki nyepesi, zina matatizo ambayo hakuna programu itakayoyaponya. La kwanza ni mwendo. Sauti inayumba, na mara nyingi inakwenda kasi au polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Kasi isiyo sahihi lakini thabiti inarekebishika baadaye. Kuyumba ndiko kusikorekebishika kirahisi. La pili ni pembe ya hedi.

Pembe hiyo, mafundi huiita azimathi, ndiyo nitakayokaa nayo kidogo, maana inaamua kuliko kingine chochote. Hedi inatakiwa isimame wima kabisa kwa utepe. Kaseti iliyorekodiwa kwenye redio ya nyumbani miaka mingi iliyopita ilirekodiwa na hedi iliyoegemea kidogo upande fulani, na itasikika vizuri tu kwenye hedi iliyoegemea vilevile. Kwingineko trebo hupotea na maneno husikika kana kwamba yanatoka nyuma ya blanketi. Kwenye deki ya zamani, pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo. Unacheza kaseti, unaunganisha njia ya kushoto na ya kulia ziwe mono, unazungusha skrubu robo ya mzunguko kwa uangalifu kwa bisibisi isiyo na sumaku, na ghafla sauti inafunguka. Kila kaseti adimu inastahili hatua hiyo. Trebo ambayo hedi haikuisoma haimo kwenye faili, na zipo programu zinazonyoosha tofauti ya muda kati ya njia mbili, lakini hazirudishi kilichoachwa kwenye utepe.

La tatu ni aina ya utepe na Dolby, mfumo wa kupunguza kelele za utepe. Kaseti za aina ya kwanza, za oksidi ya chuma, huchezwa kwa marekebisho ya mikrosekunde 120. Za kromu na za metali kwa 70. Mashine isiyo na swichi hiyo huicheza kromu ikiwa na trebo ya kupita kiasi. Na kaseti iliyorekodiwa kwa Dolby B inahitaji kufunguliwa kwa Dolby B, ambayo mashine mpya karibu zote hazina. Usipoifungua unapata mng'aro usio wa asili na mivumo iliyokuwa imefichwa. Programu za kufungua Dolby baada ya kurekodi zipo, ila zinahitaji kiwango cha sauti kilinganishwe sawasawa na cha mashine ya asili, na hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Angalia lebo: kama imeandikwa Dolby, tafuta deki yenye Dolby. Usiwashe kwa kubahatisha kwenye kaseti isiyo nayo, kwani utakuwa unaifuta trebo halali.

Lingine ni dogo ila linaudhi. Baadhi ya mashine hizi hunakili moja kwa moja kwenye flashi kama MP3 iliyobanwa sana, na hukata faili kila zinaposikia kimya. Kwa muziki huenda ukavumilia. Kwa mtu anayezungumza na kunyamaza akifikiri, unapata vipande vingi vilivyokatwa katikati ya sentensi.

Kwa hiyo chaguo langu kwa kaseti halina kigugumizi: deki ya zamani ya chapa inayoeleweka, iliyopitiwa na fundi, waya wa LINE OUT hadi kwenye kadi ya sauti. Haihitaji kuwa ya kifahari. Hedi mbili zinatosha, kwani ya tatu ilikuwa ya kusikiliza wakati wa kurekodi. Unachohitaji ni kwamba belti zimebadilishwa, rola ya mpira si ngumu wala haing'ai, na hedi haijachimbika. Usafi ni pamba na alkoholi ya isopropili kwenye hedi na kwenye kijiti cha chuma kinachovuta utepe, kila baada ya kaseti chache. Kwenye mpira tumia kidogo sana. Deki zenye kugeuza upande zenyewe sizipendelei, kwa kuwa hedi yake huzunguka na pembe haikai imara.

Usipopata deki, kuna ngazi ya kati ambayo watu huisahau: redio kaseti nzuri ya zamani au mashine ya mkononi ya enzi zake, kupitia tundu la hedifoni. Weka sauti katikati, zima virekebishi vyote vya besi, na uingize kwenye LINE ya kadi. Hata hiyo, ikiwa na belti mpya, itaishinda mashine mpya ya USB.

Jambo jingine la kuepuka ni tundu la kompyuta ya mapajani. Kompyuta nyingi za sasa zina tundu moja la pamoja kwa hedifoni na kipaza sauti, na kiingilio chake ni cha kipaza sauti, cha mono. Ukichomeka deki hapo unapata njia moja, kelele, na sauti iliyopasuka. Kadi ya nje hata iwe ya bei ya chini namna gani ni bora, mradi iwe na viingilio viwili vya LINE.

Kaseti yenyewe nayo ina la kusema. Zile za dakika 60 zina utepe wa takriban mikroni 18, za 90 kama 12, za 120 kama 9. Za 120 hunyooka na kujisokota kwa urahisi. Zicheze mara moja, kwenye mashine yako bora, bila kuzirudisha nyuma na mbele kutafuta wimbo. Kaseti iliyokaa muda mrefu ipelekwe mwisho na kurudishwa mwanzo mara moja kabla ya kurekodi, ili utepe ujilaze sawa. Ikiwa sifongo imenyofoka, au utepe umekatika mwanzoni, ganda lenye skrubu tano hufunguka na utepe unahamishiwa kwenye ganda jingine. Ganda lililobandikwa bila skrubu ni la fundi. Yenye ukungu mweupe usiicheze kabisa: ukungu unaingia kwenye hedi, unahamia kwenye kaseti nyingine, na si mzuri kwa mapafu yako.

Kinasa cha mkononi, njia isiyosifiwa

Vinasa vidogo vya kidijitali wanavyotumia waandishi wa habari na wanamuziki, vile vyenye kiingilio cha LINE na kadi ya kumbukumbu, hufanya kazi ya kadi ya sauti na kompyuta kwa pamoja. Vinatumia betri, kwa hiyo ule mvumo wa umeme unaozunguka kati ya kompyuta na deki haupo. Havisumbuliwi na programu inayojisasisha katikati ya upande wa pili. Na unaweza kukichukua pamoja na deki hadi nyumbani kwa mtu asiyetaka kaseti zake zitoke nje ya mlango. Kwa rekodi za familia, hiyo peke yake inatosha kuwa sababu.

Mambo mawili ya kuzingatia: zima kirekebishi cha sauti cha kujiendesha, na chagua WAV (faili isiyobanwa) badala ya MP3. Udhaifu wake ni kwamba huoni mawimbi ya sauti kwa upana wakati wa kurekodi, na kama unahamisha santuri bado unahitaji priampu.

Kumpelekea mwenye kazi

Sauti huhamishwa kwa muda wake halisi. Kaseti 50 za dakika 90 ni saa 75 za kucheza tu, kabla ya kukata, kutaja majina na kusafisha. Ndiyo hesabu inayowapeleka watu kwenye huduma za kulipia, na ni sababu halali. Sababu nyingine ni kaseti iliyoharibika, santuri iliyovunjika, au utepe wa rili, ambao una mambo yake mengine kabisa.

Ila huduma hizi si sawa. Baadhi ni studio zenye watu wanaosikiliza. Baadhi ni rafu za mashine zinazocheza kaseti nyingi kwa pamoja bila sikio la mtu karibu. Bei haitofautishi vizuri. Maswali hutofautisha. Uliza kama wanarekebisha azimathi kwa kila kaseti. Uliza kama wana Dolby B na C na wanajuaje ipi itumike. Uliza kama watakupa faili ghafi isiyosafishwa, ya WAV au FLAC (iliyobanwa bila kupoteza sauti), pamoja na ile iliyosafishwa. Kwa santuri, uliza kama wanaosha kwanza. Anayejibu "usijali, tunatoa MP3 safi" amekwishakujibu yote. Na uanze kwa kutuma kaseti mbili za fungu la pili, si sanduku zima la fungu la tatu.

Faili

Hapa watu hubishana sana kwa faida ndogo. Kiwango cha CD, kilohezi 44.1 na biti 16, kinachukua kama megabaiti 10.6 kwa dakika. Kilohezi 48 na biti 24 kama 17. Kilohezi 96 na biti 24 kama 35. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, katika mwongozo wake wa TC-04, kinataka angalau kilohezi 48 na biti 24 kwa sauti za analojia, na kinaelekea 96 kwa taasisi. Kwa nyumbani nafuata hiyo 48 kwa 24. Faida ya biti 24 si kwamba kaseti ina utajiri wa kuzijaza. Hata kwa Dolby haifiki karibu. Faida ni kwamba unaweza kurekodi kwa kiwango cha chini, vilele vikiishia karibu na -6 desibeli au chini zaidi, bila hofu ya sauti kupasuka wala kupoteza chochote. Ukirekodi kwa biti 16 itabidi uwe mwangalifu zaidi.

Zile kaseti 50 kwa kiwango hicho ni takriban gigabaiti 78, na FLAC huzipunguza hadi karibu nusu bila kupoteza hata chembe ya sauti. Kati ya WAV na FLAC, nachagua FLAC pia kwa sababu inabeba majina na tarehe ndani yake vizuri zaidi. MP3 ya kbps 256 au 320 iwe nakala ya simu, iliyotolewa kwenye FLAC, isiwe yenyewe ndiyo hifadhi.

Kwa programu, Audacity ni ya bure, ipo tangu mwaka 2000, na inafanya karibu yote: kurekodi, kuweka alama mwanzo wa kila wimbo, kutoa faili nyingi kwa mkupuo, kuondoa tak-tak, kupunguza mivumo. RX ya iZotope ni ya kulipia na ina uwezo mkubwa zaidi kwenye rekodi zilizoumia. Kwa mtu mwenye santuri kumi sioni haja. Katika zote mbili kishawishi ni kilekile. Ukipunguza mivumo kwa nguvu, inabaki sauti yenye mapovu ya maji na mzungumzaji anayeonekana kutokuwa na pumzi. Punguza kidogo, acha kelele kiasi, na faili ghafi usiiguse kamwe; fanyia kazi nakala.

Gharama ikihesabiwa yote

Kwenye karatasi mashine ya USB ya kaseti huonekana rahisi kuliko deki ya zamani ukijumlisha fundi na kadi ya sauti. Hesabu hiyo inasahau mwisho wake. Kazi ikiisha, ile ya plastiki haina mnunuzi. Deki iliyobadilishwa belti na inayofanya kazi ina wanunuzi wengi, kwa kuwa haziundwi tena, na kadi ya sauti itakutumikia kwa mambo mengine. Mashine nzuri ya santuri wengi hawaiuzi, wanagundua wanaipenda.

Usiitoe deki mkononi, hata hivyo, mpaka uwe umesikiliza faili zote kwa hedifoni kuanzia mwanzo hadi mwisho, zile za fungu la tatu hasa. Upande uliorekodiwa kwa njia moja tu, au dakika kumi zilizoyumba kwa sababu ya utepe uliokwama, ni kazi ya kurudia jioni moja ikiwa mashine bado iko mezani.